Utafiti kwa watu wa Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maadili

Maswali haya yanatoka pande mbili: kwa wanafunzi na watafiti wanaojiandaa kwenda mashamba, na kwa wananchi wanaopigiwa hodi na kuulizwa mambo yao. Pale haki za pande hizi mbili zinapogongana, majibu yaliyomo humu yanasimama na mwenye nyumba. Mtafiti ana chuo chake, ana mfadhili wake, na akishamaliza anaondoka. Mwenye nyumba anabaki na yale yaliyoandikwa juu yake.

Je, watu wa Zanzibar wanaingia katika miongozo ya utafiti kwa jamii za asili?

Kisheria jibu halijanyooka. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 143 zilizopiga kura ya kulikubali. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Pamoja na kura hiyo, Tanzania haina orodha rasmi ya jamii zinazoitwa za asili, na serikali nyingi za Afrika hushikilia kwamba raia wao wote ni wenyeji.

Visiwani wapo Watumbatu, Wamakunduchi, Wapemba na wengine, kila watu na lahaja yao, mila zao na bahari yao. Lakini damu zimechanganyika karne nyingi, na suala la nani mwenyeji wa kweli na nani wa kuja limewahi kuumiza watu vibaya hapa. Mtafiti asilifukue kwa sababu tu anatafuta kundi litakalopendeza katika ombi lake la fedha.

Tunachoshauri ni kwamba hifadhi isingoje jina. Ridhaa ya pamoja, mgao wa faida, haki ya kukataa na haki ya kurudishiwa matokeo ni mambo yanayomstahiki kila mtu anayeishi kwa bahari na ardhi inayotumiwa kwa pamoja, ambaye elimu yake imo kichwani na mikononi badala ya kwenye vitabu, na ambaye hana nguvu mbele ya mtu aliyekuja na fedha za mradi. Na jina lenyewe linaweza kuwa na uzito usioutarajia. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya waliishi huko miongo mingi bila uraia, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipowatambua mwaka 2023. Kwa mtu aliye katika hali kama hiyo, sentensi moja ya mtafiti kuhusu wazee wake walikotoka inaweza kutumiwa kumpa kitambulisho au kumnyima. Ukiandika asili ya watu, andika ukijua hilo.

Nina barua ya kamati ya maadili ya chuo changu. Kwa nini niombe tena Zanzibar?

Kwa sababu kamati ya chuo chako haiwajibiki kwa mtu wa Micheweni, Pemba. Na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha Tanzania Bara; Zanzibar ina utaratibu wake, na vibali vya utafiti hupitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Utafiti wa afya unapita pia katika kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Ukishapata karatasi hizo ndipo unashuka mkoani, wilayani, kisha kwa sheha, kiongozi wa shehia. Anayekwenda Pemba ajitambulishe kwa viongozi wa Pemba wenyewe, asidhani kwamba mambo yalimalizika mjini Unguja. Hilo la mwisho linasahauliwa mno, na Wapemba huliona.

Sheha ameshakubali na ametia muhuri. Si ruhusa ya shehia nzima hiyo?

Hapana. Sheha ni mlango. Anakuruhusu uingie shehiani, anawajulisha watu kwamba unatambulika, na kukitokea tatizo yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Hana uwezo wa kukubali kwa niaba ya mama wa nyumba ya tatu wala mvuvi aliyeko baharini. Tena sheha huteuliwa na serikali. Mahali ambapo siasa imewagawa watu, mtafiti anayezunguka akiwa ameandamana na sheha nyumba kwa nyumba atapata majibu ya khofu. Msalimie, mshukuru, muombe akutambulishe kwa watu, kisha muombe kwa adabu akuache uende peke yako.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Mipaka ya shehia mara nyingi si mipaka ya jambo unalolitafiti. Chukua Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba ambacho uvuvi wake uliwekewa hifadhi mwaka 1998. Misali haina wakaazi wa kudumu. Wanaoitegemea ni wavuvi wa madiko (bandari ndogo za wavuvi) mengi ya Pemba, na wapo wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huko siku kadhaa. Sasa jamii ya Misali ni nani? Ukimuuliza sheha mmoja wa upande wa pili wa maji ukaridhika, umewaacha nje watu karibu wote wanaoguswa. Hapo ni lazima uende diko kwa diko, uzungumze na kamati za wavuvi, manahodha, wanaochokoa pweza na wachuuzi wa samaki, na ukubali kwamba pengine diko moja litasema ndiyo na jengine litasema hapana.

Hifadhi ya Misali ina funzo jengine. Wavuvi walielezwa wajibu wa kutunza bahari kwa mafundisho ya Kiislamu, kwa misikiti na masheikh wao, kwa hoja ambazo tayari walikuwa wanaziamini. Mtafiti naye afikirie ni nani katika mji ule anayesikilizwa na ni wapi watu hukaa kuzungumza: barazani, msikitini baada ya sala, madrasa, chini ya mwembe wa dikoni. Huko ndiko pa kueleza kazi yako.

Watu hawapendi kutia saini. Nifanyeje?

Usiwalazimishe. Saini kwa watu wengi hapa ni jambo la mahkama, la mkopo au la kuuza shamba. Mtu anaweza kukujibu maswali yako yote kwa ukarimu, kisha akasita pale unapomtolea kalamu, na kusita kwake kuna maana. Kamati nyingi za maadili hukubali ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, au iliyorekodiwa kwa sauti, mradi umeiomba tangu mwanzo katika andiko lako.

Kinachohesabika ni kama amefahamu. Soma maelezo kwa Kiswahili cha watu unaowasomea. Dodoso lililofasiriwa mezani na mtu ambaye hajawahi kufika Pemba huwa na maneno yanayoeleweka nusu, na mtu mzima mwenye heshima zake hatakukatiza kukwambia hakufahamu. Atasema "sawa". Kwa hiyo usimuulize kama amefahamu. Muombe akueleze yeye, kwa maneno yake, utafiti huu ni wa nini na akikataa kutatokea nini. Akisema akikataa hatopata dawa hospitalini au jina lake litapelekwa kwa sheha, ridhaa hiyo haijapatikana hata kama umeshapata saini.

Na mpe siku. Jibu la leo kwa leo mara nyingi ni jibu la adabu tu, mtu hataki kumvunja moyo mgeni aliyeketi mkekani kwake.

Kwa wanawake, ni lazima mume akubali?

Mwanamke mzima anaridhia mwenyewe. Akitaka kushauriana na mume au mama yake, hiyo ni haki yake na mtafiti angoje. Lakini ndiyo ya mume haigeuki kuwa ndiyo ya mke. Panga mdadisi wa kike kwa mambo ya uzazi na ndoa, msiende mtu mmoja ndani, na kaeni mahali panapoonekana ila pasiposikika.

Na watoto wa skuli?

Mzazi aridhie, na mtoto mwenye akili ya kufahamu naye aulizwe. Mwalimu mkuu kukubali hakutoshi. Mtoto hujibu "ndiyo" kwa kila anachoambiwa mbele ya mwalimu wake, kwa hiyo aulizwe mwalimu akiwa hayupo.

Damu, mkojo na choo vinavyochukuliwa vinakwenda wapi? Wananchi wanauliza sana.

Na wana haki ya kuuliza. Pemba imetoa sampuli kwa miaka mingi, katika tafiti za minyoo, kichocho, malaria na lishe, na tangu mwaka 2000 ina maabara yake ya afya ya jamii pale Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri. Jibu la mtafiti lazima liwe la wazi: sampuli zitapimwa nini, wapi, zitahifadhiwa muda gani, zitasafirishwa nje au la, na mwisho wake ni nini. Kama zinatoka nje ya Zanzibar, kibali cha kuzisafirisha ni kingine na lazima kiombwe.

Hatari kubwa ni kutumia sampuli kwa jambo ambalo mtu hakuambiwa. Nchini Marekani, watu wa kabila la Havasupai wa Arizona walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwaua. Damu ileile ikatumika katika tafiti za maradhi ya akili na za kueleza wazee wao walitoka wapi, jambo lililogusa imani yao kuhusu asili yao. Walishitaki, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kikawalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Walipoipokea waliiombea. Mtu wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kwa nini. Nasi huzika kwa heshima kilichotoka katika mwili wa mtu.

Kwa hiyo fomu inayosema sampuli zitatumika "kwa tafiti nyengine za baadaye" bila kusema zipi, kwa maoni yetu isikubalike. Ukihitaji kuzitumia tena, rudi ukaombe tena.

Je, utafiti unaweza kusimamishwa katikati?

Unaweza, na Pemba ni ushahidi ambao dunia nzima ya tiba inaujua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa Pemba waligawiwa katika makundi. Wengine wakapewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine hayo pamoja na zinki, wengine vidonge visivyo na dawa. Nia ilikuwa njema, maana upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Lakini kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama iliona kwamba waliopewa chuma wanalazwa na kufa zaidi, na mwezi Agosti 2003 makundi hayo yakasimamishwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006, kutokana na watoto 24,076, yalionesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa ilizidi kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kuhusu kugawa vidonge vya chuma kwa watoto wote bila kuwapima, katika nchi zenye malaria nyingi.

Tunalieleza kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kamati ya usalama si karatasi ya kujaza. Bila kamati ile watoto wengi zaidi wangeumia. Ya pili, watoto wa duniani leo wanalindwa na kitu kilichojulikana kwa watoto wa Pemba, na wengine kati yao walifariki. Kila mzazi aliyempeleka mtoto wake katika utafiti ana haki ya kuelezwa, ana kwa ana na kwa lugha yake, kilichoonekana mwishoni, kikiwa kizuri au kibaya. Mtafiti anayepeleka habari mbaya kwenye jarida la London kabla ya kuipeleka Wete amekosea, hata kama kila kanuni ya mfadhili ameifuata.

Mganga au mkunga amenionesha dawa ya miti. Naweza kuiandika?

Muulize yeye kwanza, na umuulize vizuri. Elimu ya dawa nyengine imerithiwa kwa masharti, haitolewi kwa kila mtu, na pengine yeye si mwenye mamlaka ya kuitoa peke yake. Kukuonesha kwa ajili ya kumtibu mtu hakukupi ruhusa ya kutangaza jina la mti, kipimo na namna ya kuchanganya.

Wasan wa Kusini mwa Afrika walikuwa wakitafuna mmea wa hoodia kuzuia njaa wanapowinda. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikasajili hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kiini chake katika miaka ya 1990, na kampuni za nje zikaingia, Wasan hawakuulizwa. Ilibidi wapiganie haki hiyo hadi mkataba wa mgao wa faida ulipotiwa saini mwaka 2003. Mwaka 2017 Wasan wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ambazo kila mtafiti anayewaendea anatakiwa azifuate: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu waliouweka wao. Hakuna kinachozuia wavuvi wa Kojani au wakulima wa mwani wa Jambiani kuandika zao. Tungependa sana wafanye hivyo.

Kama mwenye elimu amekubali iandikwe, muulize pia kama anataka jina lake litajwe. Wengi wanataka. Kuficha jina la bingwa kwa kisingizio cha kumlinda, kisha kitabu kikatoka na jina la mtafiti peke yake, ni kumpora.

Mizimu, makaburi na magofu je?

Uliza nani anaangalia mahali pale kabla ya kukanyaga. Pango la Kuumbi huko Jambiani limechimbwa na wanaakiolojia zaidi ya mara moja; magofu ya Pujini, yanayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, hutembelewa na wageni. Kwa vitabu vya serikali hayo ni mambo ya kale, lakini kwa watu wa karibu ni mahali penye wenyewe, pengine penye nadhiri na masharti ya kuingia. Vibali vyote viwili vinahitajika, cha idara na cha watu. Mifupa ya binadamu ikionekana, simamisha kazi na uwaite wazee na sheikh wa mji kabla ya jambo lolote jengine.

Mwaka Kogwa ni sherehe ya wazi. Bado niombe ruhusa ya kupiga picha?

Sherehe ya Makunduchi ni ya hadhara na wageni hukaribishwa. Uso wa mtu mmoja mmoja si wa hadhara. Omba.

Nikificha majina ya watu, si nimeshawalinda?

Umemlinda mtu mmoja mmoja, pengine. Mji mzima bado unaweza kudhurika. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, ilikumbwa na khofu ya popobawa, shetani anayesemekana kuwavamia watu usiku. Watu walikesha nje, wapo waliopigwa kwa kushukiwa. Yaliyoandikwa baadaye katika magazeti ya nje yakaifanya Pemba yote kichekesho, na hakuna jina lililofichwa ambalo lingeliepusha hilo. Kabla ya kuchapisha jiulize mtoto wa mji ule, akisoma chuoni ugenini, atajisikiaje wenzake wakimuonesha ulichokiandika.

Siasa ni nzito zaidi. Yaliyotokea Januari 2001, watu wakauawa na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, bado yapo vifuani. Katika kisiwa ambacho watu wanajuana kwa ukoo, kusema "mwalimu mstaafu wa kike, shehia fulani" ni sawa na kutaja jina. Kwa mada hizo tunashauri kutotaja hata wilaya.

Na ramani pia. Mvuvi akikwambia mwamba wake ulipo, ukauweka kwenye ramani inayofunguka kwa kila mwenye simu, umewapa wengine mali yake.

Nimlipe mtu aliyenipa muda wake?

Ndiyo, kiasi cha siku aliyoipoteza na nauli, kilichokubaliwa na kamati, kilekile kwa wote. Kisiwe kikubwa cha kumfanya mtu ashindwe kukataa. Fedha ikabidhiwe mkononi mwa aliyehojiwa.

Wakulima wa mwani wanasema wamechoka kuulizwa. Ni kweli?

Ni kweli, na wana haki. Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa pwani ile wameulizwa kuhusu kipato, afya, mabadiliko ya tabianchi, ndoa na kila kitu. Soma kwanza yaliyokwishaandikwa. Ikiwa jibu lipo, usiwasumbue. Ikiwa ni lazima uende, uliza bahari ikoje. Siku za bamvua maji yanapokupwa sana wako shambani mwao na kila saa ni fedha. Nenda maji mafu, watakapokuwa na nafasi ya kukaa na kukujibu kwa utulivu.

Mdadisi wa kienyeji ana haki gani?

Mkataba wa maandishi, malipo kwa wakati, bima anapovuka bahari, na jina lake katika kazi iliyochapishwa kama alichangia fikra. Yeye ndiye anayebaki mjini kuulizwa "yule mzungu wako yuko wapi?" Kama wewe umeahidi kurudi na hukurudi, aibu inamwangukia yeye, kwa majirani zake, kila siku.

Mrejesho unafanywaje?

Kabla ya kuchapisha, si baada yake. Andaa muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, uitishe kikao kwa kupitia sheha na kamati husika, wanawake wapewe wakati wao ikiwa hawatasema mbele ya wanaume, na usome ulichokiona. Waulize pale ulipokosea. Wakikataa tafsiri yako, andika katika kazi yako kwamba wameikataa na kwa nini. Fedha ya safari hii iwekwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, maana mradi ukishaisha hakuna mfadhili atakayeitoa. Nakala ziende shehiani, katika skuli ya karibu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na Nyaraka za Taifa Kilimani kama ni mahojiano ya historia na wenyewe wameridhia. Redio nayo inafika mahali ambapo karatasi haifiki.

Kuhusu data yenyewe, tangu mwaka 2019 ipo misingi inayoitwa CARE, iliyoandaliwa na mtandao wa watu wa asili wa nchi mbalimbali. Inataka data ilete faida kwa jamii iliyoitoa, na jamii hiyo iwe na mamlaka juu yake. Muulize mfadhili wako anayedai data iwekwe wazi kwa wote kama anaijua.

Mimi ni mwananchi. Mtafiti amekuja, nimuulize nini, na akinikosea niende wapi?

Muulize jina lake kamili, chuo chake, nani anatoa fedha, na umuombe kibali cha Zanzibar ukisome au usomewe. Muulize atarudi lini na matokeo. Omba karatasi ya maelezo ubaki nayo. Lazima iwe na simu ya kamati ya maadili, siyo ya mtafiti peke yake. Unaweza kukataa swali moja na kujibu jengine. Unaweza kusimama katikati ukasema basi, na ukataka uliyokwishayasema yafutwe, wala hulazimiki kutoa sababu.

Ukikosewa, mwambie sheha, na umwombe aandike. Kama ni utafiti wa afya, piga ile simu ya kamati au nenda ofisi za ZAHRI. Kama ni utafiti mwengine, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali iliyotoa kibali, ukitaja namba iliyopo kwenye barua yake. Ndiyo maana ni vyema kuipiga picha barua hiyo kwa simu siku ya kwanza anapokuja, kabla hajakaa.